Ahadi ya Brigedi ya Tisa

Siku ya kumi na tisa ya mazungumzo, mashine iliikataa Ibara ya Saba kwa mara ya kumi na nne. Kanali Edina Mbwilo alivua miwani akaibwaga mezani, hata Waziri akageuka kumtazama.

Walikuwa katika maktaba ya chuo cha ualimu cha Ikolwa, kwa kuwa mjini hapakubaki jengo lenye paa zima la kuwatosha wajumbe wa nchi mbili. Ukutani kioo cha mashine hiyo, iliyoitwa Kiapo, kiliwaka nyekundu, na chini yake maneno mawili: KITENZI HAKIPIMIKI.

"Safari hii kimekataa nini?" aliuliza Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Salome Kinunda. Alikuwa na mafua tangu wiki iliyopita na hakuwa na subira na mtu.

"'Litajitahidi,'" alisema Edina. "Tumeandika kwamba jeshi la Shirikisho litajitahidi kupeleka brigedi moja Lumezi ndani ya saa sabini na mbili. Kiapo hakijui kujitahidi ni kitu gani, mheshimiwa. Kinajua kupeleka na kutopeleka."

"Na juzi tuliandika nini?"

"'Litazingatia kupeleka.' Kabla ya hapo, 'litapeleka hali itakaporuhusu.' Kikauliza Hali ni nani na ana cheo gani."

Hakuna aliyecheka. Upande wa pili wa meza Meja Bahizi Ntare, mjumbe wa jeshi la Lumezi, aliendelea kuchora visanduku pembeni mwa karatasi yake. Alikuwa mwembamba, mwenye kovu lililopita juu ya sikio, na kwa siku kumi na tisa hakuwa amepandisha sauti hata mara moja. Edina alitamani angepandisha.

Lumezi ni nchi ndogo ya vilima, imebanwa kati ya Shirikisho na Sanzu. Kabla ya vita ilikuwa na mkataba na Shirikisho, mkataba mzuri wa karatasi nene, na neno "litajitahidi" lilikuwa humo mara tisa. Jeshi la Sanzu lilipovuka mpaka, Shirikisho lilijitahidi kwa siku sita, na siku ya saba mji wa Bwera ulikuwa majivu. Vita vilipokwisha, Walumezi walikataa kutia saini karatasi nyingine. Ndipo wahandisi wa pande zote mbili wakajenga Kiapo.

Yalikuwa masanduku matatu yanayofanana, kila moja na kimo cha friji. Moja lilikuwa Ikolwa, la pili Lumezi, na la tatu walipewa Wasanzu wenyewe, wasome na wajue kinachowangoja. Kila gari la jeshi, kila droni, kila kichwa cha treni kilikuwa na kitambulishi kidogo ndani ya ubongo wake. Kikosi kikishatajwa mkatabani na lakiri, muhuri wa mwisho, kufungwa, vitambulishi vyake vilitoka mikononi mwa makamanda vikaingia mikononi mwa Kiapo. Vihisi vya mpaka wa Lumezi vikiona jeshi limeingia, injini zingejiwasha na magari yangeshika njia. Mkuu wa Majeshi asingeweza kuyazuia, wala Rais. Askari asiyetaka kwenda angeweza kubaki, ila gari lake lingeondoka.

"Niseme tena kwa faida ya kumbukumbu," alianza Jenerali Sospeter Kahangwa, Mkuu wa Majeshi.

"Jenerali, kumbukumbu imeshiba," alisema Waziri.

Lakini Mkuu wa Majeshi alisema tena. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti laini, na jeshini alikuwa na miaka thelathini na minane. "Sipingi kuisaidia Lumezi. Napinga kuambiwa leo nitafanya nini siku nisiyoijua. Brigedi ya akiba ninayo moja. Sanzu wakipenyeza watu hamsini Bwera, brigedi yangu inaondoka yenyewe. Kesho yake wanaingia kwangu kaskazini na watu elfu tano. Nifanye nini? Nikaipigie magoti friji?"

Kilichomchosha Edina ni kwamba Jenerali alikuwa sahihi. Yeye mwenyewe, akiwa mkuu wa mipango, ndiye aliyeandika waraka wa pingamizi la jeshi, kurasa arobaini na mbili, na kila takwimu iliyomo aliikagua kwa mkono. Na Meja Ntare naye alikuwa sahihi. Hata ile mashine ya kukera ilikuwa sahihi. Watu wote sahihi, na siku kumi na tisa zimepita.

Waziri alipenga kamasi. "Rais anafunga lakiri kesho kutwa, Ijumaa, saa nne asubuhi. Watu elfu arobaini wako kambini Kitoma, wanangoja mkataba huu ndipo warudi Bwera kabla ya mvua za kupandia. Sitaki pingamizi jingine. Nileteeni kitenzi."

*

Mchana huohuo Jenerali alimwita Edina kwenye chumba walichokuwa wakifundishia upishi. Majiko sita yalikuwa yamepangwa kwa mstari, na moja lilikuwa linafanya kazi. Jenerali alikuwa akichemsha chai mwenyewe.

"Kaa, Edina. Andika 'litapeleka.'"

"Afande?"

"'Litapeleka brigedi moja ndani ya saa sabini na mbili.' Bila kujitahidi, bila hali. Waziri atafurahi, na friji itafurahi."

"Brigedi ipi, afande?"

"Ya Tisa."

Edina alidhani anatania. Brigedi ya Tisa ilivunjwa miaka miwili iliyopita. Askari wake walikuwa wamegawanywa katika vikosi vingine, na magari yake mia mbili na kumi na mawili yalipelekwa kwenye yadi ya Mbugani kung'olewa vipuri.

"Haipo," alisema.

"Kwenye orodha ipo. Hakuna aliyeifuta, na vitambulishi vyake viko hai, nimehakikisha." Jenerali alimimina chai katika vikombe viwili. "Kiapo kinahesabu vitambulishi. Hakifungui boneti."

"Afande, huo ni uongo."

"Ni pingamizi. Umeniandikia kurasa arobaini na mbili, hakuna aliyezisoma. Nimezungumza siku kumi na tisa, naambiwa kumbukumbu imeshiba. Wanasiasa wanataka niikabidhi akiba pekee ya nchi kwa sanduku. Sasa nitawapa wanachotaka, na akiba nitabaki nayo. Lumezi wakivamiwa kweli, nitatazama ramani nione nina nini, kama kamanda yeyote mwenye akili. Huenda nikapeleka brigedi mbili. Lakini nitaamua mimi."

"Na watu wa Bwera wanarudi nyumbani wakijua wana saa sabini na mbili."

Jenerali alizungusha kikombe chake mezani. Alikuwa na wajukuu Ikolwa hapohapo, na Edina alijua hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilimuudhi. "Mbele ya Kiapo mthibitishaji wa jeshi ni wewe," alisema mwishowe. "Sauti yako na kidole chako. Kwa hiyo sikuombi maoni, Kanali. Nakupa amri."

Miaka mitano nyuma, Edina akiwa kapteni, alikaa siku sita kwenye daraja la mto Kiruzi na malori thelathini na manne yaliyosheheni risasi na dawa. Kila asubuhi aliulizia amri, na kila asubuhi aliambiwa suala linashughulikiwa. Siku ya sita walianza kuja watu kwa miguu kutoka upande wa Bwera. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya lori la kwanza, akalitazama kuanzia matairi hadi turubai, kisha akamuuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Kumbe mlikuwa hapa?"

Edina alikunywa chai ya Jenerali yote, akapiga saluti, akatoka.

*

Alhamisi asubuhi aliendesha gari mwenyewe hadi Mbugani. Ni mwendo wa saa mbili, na barabara ilikuwa tope. Mtunza yadi, Sajini Pendaeli Mrutu, alimpokea getini akiwa amevaa viatu vya mpira.

"Jambo, afande. Hatujaona mkubwa huku tangu Pasaka."

"Jambo, Sajini. Nionyeshe ya Tisa."

Magari ya deraya yalikuwa yamesimama safu kwa safu kwenye nyasi zilizofika kiunoni. Kwa mbali yalionekana kama jeshi. Sajini alifungua boneti ya la kwanza, na ndani palikuwa na nafasi tupu na waya zilizokatwa. La pili lilikuwa na kiota cha nyuki, wakaliacha upesi. La tatu halikuwa na magurudumu upande wa kushoto.

Edina alitoa kibao chake cha kompyuta na kuita orodha. Majina mia mbili na kumi na mawili yalijitokeza, moja baada ya jingine, yote kijani. TAYARI. TAYARI. TAYARI.

"Sajini, hapa kuna gari hata moja linaloweza kutembea?"

Mrutu alifikiri kwa uaminifu. "Trekta, afande. Lakini trekta ni la kukatia nyasi."

Kutoka hapo hadi kambi ya Kitoma si mbali. Meja Ntare alikuwa huko, kama alivyokuwa kila siku ya mapumziko, kwa sababu nusu ya ukoo wake ulikuwa humo. Kambi ilikuwa inavunjwa. Watu walikuwa wakishusha maturubai, wakifunga masufuria, wakigombania kamba. Ntare alikuwa na baba yake mdogo, Mzee Rwabu, wakipima mbegu za mahindi kwa kopo.

"Huyu ndiye Kanali anayetuletea brigedi," Ntare alimtambulisha.

Mzee Rwabu alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mimi shamba langu liko ng'ambo ya mto, mashariki kabisa, karibu na mpaka. Nilikuwa nimeshakata tamaa nalo."

Edina alishindwa kumtazama usoni. Alimwomba Ntare watembee kidogo, na walipofika nyuma ya matangi ya maji alimwambia yote, kuanzia chai ya Jenerali hadi kiota cha nyuki. Alitegemea hasira. Ntare alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

"Jenerali. Mimi. Sajini wa yadi, ila yeye hajui anachojua."

"Basi nyamaza."

"Unasemaje?"

"Nyamaza, Kanali. Thibitisha." Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, sauti yake ilipanda. "Wasanzu wana sanduku lao. Kesho watasoma magari mia mbili na kumi na mawili, yote kijani. Nao hawafungui boneti! Kwa kuliogopa hilo jeshi lisilokuwepo, huenda wasije kabisa. Ukisema ukweli, wao ndio watakuwa wa kwanza kuusoma. Hilo ulilifikiria?"

Hakuwa amelifikiria. Miaka yote hiyo ya kupanga vita, na hakuwa amelifikiria.

"Na kama wakigundua?" aliuliza. "Droni moja ikipita juu ya Mbugani ikaona nyasi zimeota hadi kwenye madirisha?"

Ntare aligeuza uso kuelekea mahema.

"Watu wako watakuwa mashambani, Meja, wanahesabu saa sabini na mbili. Ukijua kwamba hakuna anayekuja, unawahamisha siku ya kwanza. Ukidhani wanakuja, unawaambia wakae."

"Kwa nini umeniambia?" Ntare alikuwa amekunja ngumi, na macho yalikuwa mekundu. "Asubuhi hii nilikuwa nawapeleka watu nyumbani kwa moyo mweupe. Sasa nikiwapeleka ni mimi ninayewadanganya. Ungeniacha, Kanali. Ungefanya uamuzi wako peke yako, ukaniacha."

Aliondoka bila kuaga. Edina aliona akirudi kwa baba yake mdogo, akichukua kopo na kuendelea kupima mbegu, na hakujua kama amefanya jema au amejipunguzia tu uchungu wake kwa kumpa mwenzake.

*

Ijumaa saa nne maktaba ilijaa. Rais alikuja na skafu ya sherehe shingoni. Kioo kilikuwa kijani kuanzia Ibara ya Kwanza hadi ya Sita, na ilipofika ya Saba mashine ilizungumza, kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka.

"Mthibitishaji ataje kikosi."

Jenerali Kahangwa alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Edina. Edina aliisikia pumzi yake.

Edina alimtazama Ntare. Ntare alikuwa akiitazama meza. Kisha akainua uso, akatikisa kichwa kidogo sana, na Edina hakuelewa, hata leo haelewi, kama alikuwa anamwambia asiseme uongo au asiseme ukweli.

"Batalioni ya Pili ya Wahandisi," alisema Edina. "Watu mia saba na ishirini, magari tisini na sita. Ndani ya siku kumi na moja."

"Kanali!" alisema Jenerali.

"Mthibitishaji," iliendelea mashine, "je, kikosi kilichotajwa kipo, na kinaweza kusogea?"

"Kipo. Kinaweza. Na Brigedi ya Tisa ifutwe orodhani, kwa sababu magari yake hayana injini." Aliweka kidole kwenye kioo kabla mtu hajamfikia. Ibara ya Saba ikawa kijani.

Waziri Kinunda alishika kichwa. "Siku kumi na moja? Batalioni? Tumekaa hapa siku ishirini na moja kwa ajili ya *batalioni*?"

"Ndicho kitenzi nilichonacho, mheshimiwa. Brigedi ya akiba inabaki kwa Jenerali, na reli yetu haiwezi kubeba zaidi ya hapo kwa haraka zaidi ya hapo. Iko kwenye waraka wangu, ukurasa wa kumi na nane."

Rais alimtazama mjumbe wa Lumezi. Kila mtu alimtazama. Lumezi ingeweza kusimama na kuondoka, na hakuna ambaye angeilaumu. Ntare aliomba nusu saa, akatoka kwenda kupiga simu nchini kwake. Alikaa saa mbili na robo. Aliporudi alikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono.

"Tunapokea siku kumi na moja," alisema. "Watu watarudi magharibi ya mto wa Bwera tu. Mashariki hatutaweza kupashikilia siku kumi na moja, kwa hiyo hatukalishi watu huko. Tunaomba wahandisi watujengee kivuko na maghala kabla, si baada." Alikaa chini. Hakumtazama Edina hata mara moja.

Jenerali alimvua Edina cheo kabla ya saa ya chakula cha mchana, kwa mikono yake mwenyewe, kwenye kile chumba cha upishi. "Ungeniambia nikupe batalioni, ningekupa," alisema. "Ningekupa, Edina!"

"Ningejuaje, afande? Siku ishirini na moja mlikuwa mnagombea brigedi."

*

Mahakama ya kijeshi ilimfunga miezi minane kwa kukaidi amri. Alipotoka alikwenda kukaa kwa dada yake Isunga, kwenye nyanda za baridi, wakawa wanakamua ng'ombe na kuuza maziwa kwenye shule za jirani.

Wasanzu walikuja mwezi wa kumi na nne tangu lakiri kufungwa. Redio ilisema wameingia mashariki ya mto wa Bwera alfajiri, na kwamba saa ileile, katika kambi ya wahandisi, magari tisini na sita yalijiwasha. Askari wote mia saba na ishirini walipanda. Hakuna aliyebaki. Walifika siku ya tisa. Magharibi ya mto ilikuwa imesimama, watu wake wakiwa kwenye mahandaki na chakula cha wiki mbili, na Wasanzu hawakuvuka. Jenerali Kahangwa alipeleka brigedi yake ya akiba siku ya kumi na mbili, kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mwezi mmoja baadaye Ntare alikuja Isunga. Sasa alikuwa Luteni Kanali, na alikuwa anachechemea. Dada yake Edina alimpa maziwa ya moto, akawaachia sebule.

"Mashariki walikuwepo watu," Ntare alisema. "Familia mia tatu na kitu. Walivuka wenyewe, kidogo kidogo, tukachoka kuwarudisha. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Nilimwambia, siku kumi na moja. Akaniambia mwaka ule wa vita alingoja zaidi ya hapo."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika shambani kwake."

Edina aliinamisha kichwa. Nje ng'ombe alikuwa anamwita ndama.

"Nataka nikuulize jambo moja, na sitaki unifariji," Ntare alisema. "Ungethibitisha ile brigedi ya vyuma chakavu, Wasanzu wangekuja?"

"Sijui."

"Hata kidogo huna hisia?"

"Nimelifikiria hilo kila siku, Bahizi, gerezani na hapa. Kuna siku naona wasingekuja. Kuna siku naona wangekuja na kuwakuta nyote mashariki. Sijui, na hakuna mashine itakayoniambia."

Ntare alitikisa kichwa taratibu. Alionekana kama mtu aliyetegemea jibu baya zaidi, au zuri zaidi. Kisha akafungua koti lake, akatoa ramani iliyokunjwa mara nane.

"Mkataba unapitiwa upya mwezi ujao," alisema. "Wakubwa wangu wanataka brigedi mbili, siku tatu. Wameanza tena. Nahitaji mtu wa kukaa upande wetu wa meza na kutuambia hapana."

"Watanilaani."

"Mimi nimeshakulaani. Nimemaliza."

Edina aliondoa vikombe, akafuta meza kwa kiganja, akamwambia aitandaze ramani.